Kisiki Hai na Mti Mbichi: Jinsi ya Kujitolea Msituni na Kujifunza Uchongaji

Mwiko wa kwanza niliowahi kuchonga ulitoka kwenye mti nilioukata mwenyewe asubuhi ya siku ile ile. Ulikuwa mnene, mzito upande mmoja, na shingo yake ilipinda mahali ambapo sikukusudia. Lakini nilijua kisiki chake kilipo, nilijua kwa nini kilikatwa, na msimu uliofuata nilirudi nikakuta machipukizi yamenifika magotini. Tangu hapo siwezi kuzitenganisha kazi hizi mbili. Wapo wanaouliza watajifunza wapi kuchonga, na wapo wanaouliza watajitolea wapi kutunza msitu. Wote nawaelekeza mahali pamoja, kwa sababu kinachoondolewa ili msitu upate mwanga ndicho kinachoingia mikononi mwa mchongaji.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kushika msumeno. Nimeupanga kwa mfuatano ambao ningependa nifundishwe nao: msitu kwanza, kisha kisiki, kisha makali, na umbo mwisho kabisa.

Kabla ya yote: kwa nini tunakata?

Anayekuja kujitolea kwa mara ya kwanza hutarajia kupewa mche apande. Mara nyingi hupewa msumeno, na hushangaa. Kutunza msitu si kuuacha bila kuukata? Kwa misitu fulani, ndiyo. Msitu wa kale ambao haujaguswa uachwe kama ulivyo, na kikundi kinachotaka kuukata ukikimbie. Lakini misitu mingi iliyo karibu na makazi imekatwa na kuchipua kwa karne nyingi, na mimea na wadudu wake wameuzoea mzunguko huo. Ikiachwa ghafla, majani hufungana juu kama paa, chini huwa giza, maua ya ardhini hufifia, na vipepeo wanaoyategemea hupungua.

Miti mingi ya majani mapana ina macho yaliyolala chini ya gome. Shina likikatwa, mizizi hubaki na chakula ilichokiweka akiba, na macho yale huamka. Mierebi, mialoni, mikaratusi, mijohoro na miarobaini huchipua kwa urahisi. Misonobari mingi haichipui. Ukiikata, ndiyo imekwisha. Hivyo swali la kwanza la kuuliza mbele ya mti wowote ni hili: huu ukikatwa, utarudi?

Mkoani Dodoma, Tanzania, wakulima wanaolea machipukizi ya visiki vya zamani mashambani mwao huiita njia hiyo kisiki hai. Sijaona jina bora zaidi, kwa hiyo nitalitumia hapa. Nchini Niger kazi ya namna hiyo ilianza kuenea katika miaka ya 1980, baada ya Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, kugundua mwaka 1983 kwamba vichaka alivyokuwa akividhania kuwa magugu vilikuwa visiki vya miti vinavyojaribu kuchipua. Msitu ulikuwa tayari upo chini ya miguu ya watu.

Kwingineko njia hii ina umri mkubwa kuliko miji. Huko Somerset, Uingereza, wachimbuaji walikuta njia ya mbao iitwayo Sweet Track, iliyojengwa juu ya kinamasi karibu mwaka 3806 kabla ya Kristo, na ndani yake mna fito ndefu zilizonyooka, za aina inayotoka kwenye visiki vilivyokatwa kwa mzunguko. Msitu wa Bradfield Woods, Suffolk, huko huko Uingereza, una kumbukumbu za kukatwa hivyo tangu mwaka 1252. Na pale Westonbirt, bustani ya miti ya Uingereza, kuna kisiki kimoja cha mti wa lindeni kinachokadiriwa kuwa na miaka 2,000. Kimekatwa mara nyingi kupita hesabu, na bado kinachipua.

Hatua ya 1: Tafuta kikundi, kisha ukihoji

Anza na wale wenye msitu: ofisi ya misitu, wasimamizi wa hifadhi, bustani za mimea, au jumuiya inayomiliki pori kwa pamoja. Vikundi vya wachongaji navyo ni mlango mzuri, kwa sababu lazima wapate miti yao mahali fulani. Usianze peke yako na panga mkononi. Kukata mti bila idhini ya mwenye msitu ni kosa katika nchi nyingi, na nia njema si kibali.

Ukishapata kikundi, uliza bila aibu. Nani amewaruhusu kukata hapa, na je, kuna mpango wa maandishi wa miaka ijayo? Nani ameandaliwa kutoa huduma ya kwanza, na gari linaweza kufika karibu kiasi gani? Vifaa ni vya nani, na nani huvinoa? Anayejitolea anaruhusiwa kuondoka na miti kidogo ya kuchongea?

Jibu la swali la mpango ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kikundi kinachojua ni kipande gani kitakatwa mwaka huu, kipi mwaka ujao, na lini kitarudi kwenye kile cha kwanza, kinautunza msitu. Kinachosema "tunasafisha tu" kinaufyeka. Niliwahi kujiunga na kikundi ambacho hakikuwa hata na sanduku la bandeji. Niliondoka saa sita mchana, na mpaka leo naona nilichelewa.

Hatua ya 2: Mavazi na mkoba

Viatu vigumu vinavyofunika vifundo. Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, na usivae kitu kinachoning'inia shingoni. Glavu za kubebea matawi. Lakini vua glavu ya mkono unaoshika mpini wa shoka au panga, kwa sababu mpini huteleza ndani ya glavu. Kofia ngumu kila mahali mti unapoangushwa. Maji mengi kuliko unavyodhani. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati, na jioni jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, beba matawi

Kubali kazi ya kubeba. Kiongozi mzuri atakupa kazi hiyo kwa makusudi, na ina mafunzo mengi. Ukiburuta tawi kwa kutanguliza ncha nyembamba, litanasa kwenye kila kichaka. Ukilishika upande mnene, vitawi vyake hujilaza na litakufuata bila ubishi. Utajua mti upi ni mzito ukiwa mbichi, upi una miiba iliyojificha, upi una utomvu unaowasha. Hakuna atakayekufundisha hayo kwa maneno.

Siku hizo za mwanzo huenda pia ukang'oa mimea vamizi, ukafungua njia, au ukazibua mifereji. Mimea vamizi ing'olewe na mizizi yake, na iliyokwisha kuzaa mbegu isiburutwe msituni kote. Huku ukifanya hayo, mwangalie anayekata. Angalia anasimama wapi na anatazama wapi kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Kata kisiki kitakachoishi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatua hii ikienda kombo, hakuna uzuri wa mwiko utakaoifidia.

Msimu kwanza. Kata mti ukiwa umelala. Katika nchi za baridi, hiyo ni baada ya majani kupukutika na kabla macho hayajavimba. Katika nchi za kiangazi na masika, wengi hukata mwishoni mwa kiangazi, mvua zikikaribia. Sababu ni moja: wakati huo akiba ya chakula iko mizizini, na mti ukiamka una kitu cha kuamkia. Ukikata wakati mti umeshatoa majani mapya, umeikata na akiba yenyewe. Tazama pia kama kuna viota. Kiota chenye mayai au makinda kikionekana, mti huo huachwa mpaka kitakapokuwa kitupu.

Kisha zunguka mti mzima. Inua macho: kuna tawi kavu lililoning'inia? Shina limeelemea wapi? Limeshikana na mti wa jirani? Safisha pa kusimama, na chagua njia ya kurudi nyuma kabla hujaanza kukata. Kila mtu mwingine akae umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Kwa msumeno wa mkono, anayeanza asiguse shina linalozidi sentimita 15 kwa unene, na hata hilo awe na kiongozi kando yake. Msumeno wa injini ni kazi ya waliofunzwa na kuthibitishwa. Mwongozo huu hauuhusu.

Kisiki kilichochipua zamani huwa na mashina mengi yaliyosongamana. Anza nje, na yale membamba, ukiingia ndani taratibu. Ukianza na lile kubwa la katikati litaangukia wenzake na kukwama humo.

Shina lililoelemea upande mmoja linataka mikato miwili. Wa kwanza ni mfupi, robo ya unene, upande ambao shina litaangukia. Wa pili unatoka nyuma, juu kidogo ya ule wa kwanza, mpaka shina lianze kwenda. Mimi niliupuuza ule mkato wa kwanza siku moja nikiwa na haraka. Shina lilianza kuanguka kabla sijamaliza, likachana gome kutoka nilipokata mpaka chini ardhini, kama mtu anayemenya muwa. Msimu uliofuata kisiki kilichipua pande zote isipokuwa upande ule. Kidonda kile kilikuwa kimeshaingia uozo.

Usitafute urefu sahihi wa kisiki kwa mkato mmoja. Kata juu, mahali unaposimama vizuri, mti uondoke. Kisha rudi utengeneze kisiki kwa utulivu. Kibaki kifupi, sentimita 5 hadi 15 kutoka ardhini au kutoka mkato wa zamani. Uso wake uwe laini na uinamie nje kidogo ili maji ya mvua yasituame. Gome libaki limeshikamana na mti kuzunguka kote, kwa maana machipukizi yatatokea hapo.

Mti ukikwama kwenye matawi ya mwingine, ondoka chini yake na mwite kiongozi. Usiutikise na usikate ule ulioushikilia. Wafanyakazi wazoefu wamepoteza maisha kwa dakika moja ya kukosa subira mahali kama hapo.

Ukishakata, kinga. Mbuzi, paa na sungura hupenda chipukizi laini kuliko kitu kingine chochote, na wakilila misimu miwili mfululizo akiba ya mizizi huisha. Rundika matawi ya miiba juu ya kisiki, bila kuyashindilia, ili machipukizi yapenye. Kama eneo ni kubwa, piga vigingi safu mbili na ujaze matawi katikati: unapata ua mkavu unaozuia wanyama na kuwapa ndege mahali pa kujificha.

Huenda pia ukapewa kichaka ambacho tayari kimechipua ovyo. Hapo kazi ni kuchagua. Kwa nguzo na fito, bakiza mashina kadhaa yaliyonyooka, yaliyoachana kuzunguka kisiki. Kwa mti mkubwa wa kivuli, bakiza moja mpaka matatu yenye nguvu. Yaliyobaki yaondoe yakiwa membamba, na upogoe matawi ya chini ya yale uliyoyachagua.

Hatua ya 5: Panga mavuno papo hapo

Usirundike kila kitu pamoja ukisema utachambua baadaye. Chambua unapokata. Fito za unene wa kidole gumba, ndefu na zisizo na matawi, ni za kusukia uzio na vikapu vikubwa. Zenye unene wa kifundo cha mkono ni za mipini, vigingi na miguu ya vigoda. Vipande vya unene wa mkono wa juu hadi paja ni vya miko na bakuli. Tazama pia vilivyopinda. Wanaoanza huvitupa, ilhali tawi lenye kona ya asili ndilo linalotoa mwiko usiovunjika shingoni, kwa kuwa nyuzi za mti zimeshafuata umbo.

Kisha bakiza. Magogo machache yaachwe yaoze pale pale, hasa makubwa, kwa ajili ya kuvu, mbawakawa na wote wanaoishi ndani ya mti mfu. Msitu uliofagiwa ukawa safi kama ua wa nyumba una njaa.

Cha kwako, ukiruhusiwa, kiweke kivulini kikiwa na gome lake. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa, na hapo ndipo nyufa huanzia. Zipake nta au rangi, au vizamishe vipande vidogo majini mpaka siku ya kuchonga.

Hatua ya 6: Pasua kwanza, chonga baadaye

Samaki mkunje angali mbichi; na mti nao ni hivyo. Mti mbichi umejaa maji, kisu huupita bila nguvu nyingi, na mtu mwenye mikono ya kawaida anaweza kuufanya kazi siku nzima. Ukikauka, utahitaji msasa na mashine.

Fundi wa mti mbichi hapendi kuupasua kwa msumeno. Msumeno hukata nyuzi njia yoyote unayouelekeza. Kabari hufuata nyuzi zenyewe. Ndiyo maana mpini uliopasuliwa unavumilia kuliko uliokatwa mbaoni: nyuzi zake zinatoka ncha moja hadi nyingine bila kukatika.

Simamisha kipande juu ya gogo pana. Weka shoka au kabari katikati kabisa ya uso wake, juu ya moyo wa mti, na uligonge kwa nyundo ya mti, kamwe si kwa shoka jingine. Gawa nusu kwa nusu. Ukijaribu kubandua kipande chembamba pembeni, ufa utakimbilia nje. Na ufa ukianza kukimbia hata ulipogawa sawa, ukunje upande ule mnene: ufa hurudi upande unaokunjwa. Jambo hili likinitendekea mkononi bado hunifurahisha kama siku ya kwanza.

Ondoa moyo wa mti, ule mstari wa katikati kabisa. Mti unapokauka husinyaa zaidi kuzunguka duara lake kuliko kuelekea katikati, na kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Kipande chenye moyo ndani kitavutana chenyewe mpaka kipasuke.

Hatua ya 7: Jifunze kunoa kabla ya kupenda kisu

Kisu butu ndicho kinachokata watu. Kinahitaji nguvu, na nguvu ikiteleza haina pa kusimama. Lowesha kinoo, laza mteremko wa makali mpaka ukae bapa juu yake, na ukisukume kwa mwendo mmoja bila kuinua mgongo wa kisu. Endelea upande mmoja mpaka ukipitisha kidole kwa upole upande wa pili, kutoka mgongoni kuja nje, usikie kijiukingo chembamba cha chuma. Hiyo ni dalili kwamba umefika kwenye makali. Geuza ufanye hivyo hivyo, kisha malizia kwa kuburuta kisu juu ya ngozi, makali yakiwa nyuma ya mwendo. Kipimo: kisu kipite kwenye mti mbichi ukiukata kukingama nyuzi, na kiache uso unaong'aa.

Hatua ya 8: Nyundo, halafu mwiko

Kitu cha kwanza kutengeneza ni nyundo ya mti. Chukua kipande cha sentimita 35 hivi, kinene kama mkono wa juu. Kwenye theluthi moja kutoka ncha, kata kwa msumeno kuzunguka, kina cha theluthi ya unene, kisha pasua kutoka upande wa mpini mpaka mbao zidondoke. Lainisha mpini. Kwa nusu saa umefanya kazi ya msumeno, ya kupasua na ya kisu, na una kifaa utakachokitumia kesho. Kikivunjika, unatengeneza kingine.

Sasa mwiko. Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkono wake, wakimaanisha mwiko huuepusha mkono na moto. Mimi naongeza: auepushe na kisu pia.

Uliza jina la mti kabla hujaanza. Miti mingine ina sumu, kama mioleanda, na mwiko huingia kinywani. Wenye utomvu mweupe uache. Chagua usio na harufu kali, wenye nyuzi zilizonyooka, usio na fundo.

Chora umbo kwa mkaa kwenye uso uliopasuliwa: kutoka juu, na kutoka ubavuni. Ondoa kilicho kingi kwa shoka jepesi. Shika kipande kwa juu, kikiwa kimesimama kwenye upande wa mbali wa gogo, na kata nusu ya chini tu; shoka lisipande kamwe kukaribia vidole. Ukitaka kukata nusu ya juu, geuza kipande.

Kisu kinakuja baada ya hapo. Kaa, weka viwiko juu ya magoti, fanya kazi mbele ya magoti. Usichonge kati ya mapaja, maana mshipa mkubwa wa damu unapita hapo. Mtu yeyote asiwe ndani ya urefu wa mkono wako ulionyooshwa na kisu. Mikato ya nguvu ielekee nje. Mikato ya kuja kwako iwe mifupi, kidole gumba kikiwa kimejificha nyuma ya mti, ili kisu kikome chenyewe.

Tafuta mwelekeo wa nyuzi: uso ukichakaa na kuinua vibanzi, unakata ukipanda nyuzi, geuza mti ukate ukishuka. Kwenye shingo ya mwiko utashuka kutoka pande mbili zikutane katikati. Bakuli la mwiko lichimbwe kwa kisu kilichopinda, ukikingamana na nyuzi, na ulichimbe kabla hujaupunguza mwiko kwa nje, ukiwa bado na unene wa kushikilia. Usilichimbe sana. Miko ya wanaoanza hutoboka.

Uache ukauke polepole, umefukiwa kwenye vibanzi vyake au kwenye mfuko wa karatasi, wiki moja au mbili. Ukikauka, pita mara ya mwisho na kisu kikali kuliko vyote ulivyonavyo, kisha paka mafuta ya mbegu za kitani, uyaache yagande kwa siku kadhaa.

Ukishakolea

Baada ya miko mitano sita utaanza kutazama vitu vingine, na utaona vyote vinatoka kwenye maarifa yale yale. Kigoda hushikana bila gundi wala misumari: miguu huwa bado na unyevu, viungio vinavyoingia ndani yake vimekaushwa kabisa. Mguu unapokauka husinyaa na kukibana kiungio milele. Kwa kazi hiyo utajenga benchi la kubania, ambalo unalikalia na kusukuma kibano kwa miguu huku mikono yote miwili ikivuta kisu cha mipini miwili.

Uzio wa fito una siri moja tu inayostahili kuandikwa. Fito ikifika mwisho wa safu na kutakiwa kugeuka, usiikunje tu. Izungushe kama unayekamua nguo mpaka nyuzi zake ziachane na iwe kama kamba. Ndipo izunguke kigingi bila kukatika.

Kerezo ya kukanyaga ni furaha nyingine. Kamba inatoka kwenye kanyagio, inauzunguka mti unaokerezwa, inapanda kufungwa kwenye ufito mrefu unaonesa juu. Ukikanyaga, mti huzunguka kuja kwako na patasi hukata. Ukiachia, ufito hurudisha mti kinyume, nawe unaondoa patasi kidogo. Kwa kerezo kama hizo wakerezaji wa milima ya Chiltern, Uingereza, walitengeneza miguu ya viti wakiwa humo humo msituni, wakaipeleka kwenye viwanda vya High Wycombe, na kazi hiyo ilidumu mpaka karne ya 20.

Mkaa nao umo, lakini jifunze kwa aliyeuchoma miaka mingi. Moshi mweupe mzito ni mvuke; ukigeuka mwembamba wa samawati, ni wakati wa kuziba hewa. Tanuri lisifunguliwe mpaka lipoe kabisa, kwani mkaa wenye joto ukipata hewa huwaka upya.

Rudi msituni

Kabla ya kuondoka siku ya kukata, funga utepe kwenye kigingi kando ya kisiki chako na uandike daftarini aina ya mti, tarehe, na urefu ulioukata. Rudi baada ya miezi mitatu, kisha baada ya mwaka. Hesabu machipukizi, pima lililo refu zaidi, tazama kama kuna alama za meno. Kama upande mmoja uko kimya, chunguza gome lake. Utajua ulikosea wapi. Kama wanyama wameingia, ongeza miiba siku hiyo hiyo, usingoje zamu nyingine.

Kwa hazeli, mti mdogo wa Ulaya, fito huwa tayari baada ya miaka 7 hadi 10; aina nyingine hukawia zaidi, nyingine huwahi. Andika mwaka huo kwenye ukurasa ule ule, chini ya tarehe ya kwanza, pamoja na jina la atakayekuja kukata kama wewe hutakuwapo.